Chunjua ya Kope na Jicho Lililo Chini Yake

Chunjua inayoota kwenye kope ni ugonjwa mdogo uliokaa mahali pabaya. Kinundu hicho hicho kingekuwa gotini au nyuma ya kiganja, kingeweza kuachwa mwaka mzima bila kumdhuru mwenye nacho, au kupakwa dawa kali ya dukani bila hofu kubwa. Lakini kikiota pale ngozi ya uso inapokutana na nywele za kope, milimita chache tu kutoka kwenye kioo cha jicho, kila kinachofanywa juu yake, hata kile cha nia njema, lazima kipimwe kwanza kwa kuuliza jicho litapatwa na nini. Ni nadra chunjua yenyewe kumpofusha mtu. Kinachoweza kumpofusha ni kile kinachopakwa, kinachomiminwa au kinachotumiwa kuikata kwa haraka, mara nyingi nyumbani na mara nyingi kwa mkono wa mtu anayempenda mgonjwa.

Maneno yenyewe yanahitaji kuwekwa sawa mapema, kwa kuwa mkanganyiko wa majina huzaa mkanganyiko wa tiba. Chunjua ni kinundu kigumu, chenye uso wa kukwaruza, kinachoota juu ya ngozi kwa sababu ya virusi. Katika mazungumzo ya kila siku baadhi ya watu huziita chunjua masundosundo, jina ambalo pia hubebeshwa vinyama laini vinavyoning'inia shingoni na kwapani, ambavyo asili yake ni nyingine. Neno kope nalo lina maana mbili, yaani kifuniko cha ngozi kinachofunga jicho na nywele zinazoota ukingoni mwake. Katika makala haya kope ni kile kifuniko, na nywele zitatajwa kama nywele za kope. Vikope, jina ambalo nchini Tanzania hutumiwa kwa ugonjwa wa trakoma, ni jambo jingine kabisa, kwa maana trakoma huletwa na bakteria, hushambulia upande wa ndani wa kope, na hutibiwa kwa dawa za kuua bakteria, ambazo haziiondoi chunjua hata zikitumiwa mwezi mzima.

Kwamba chunjua huambukizwa ni jambo lililothibitishwa zaidi ya karne moja iliyopita. Mwaka 1907 daktari Mwitalia, Giuseppe Ciuffo, alisaga chunjua, akaupitisha mchanganyiko wake katika chujio lenye matundu madogo kiasi cha kuzuia bakteria wasipite, kisha akajichanja mwenyewe kwa maji yaliyochujwa. Baada ya miezi kadhaa chunjua zikamwota pale pale alipojichanja, na hapo ikajulikana kwamba kisababishi ni kitu kidogo kuliko bakteria. Leo kitu hicho huitwa virusi vya papiloma vya binadamu, au HPV kwa kifupisho, na aina zake zinazotambuliwa zimezidi 200. Kila aina ina mahali inapopendelea kukaa, na kutokujua jambo hilo kumewaletea wagonjwa wengi wa chunjua hofu isiyo na msingi, kwa sababu herufi hizo tatu wamezisikia kwanza katika kampeni za chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo Rwanda iliianza kitaifa mwaka 2011, Uganda mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019. Saratani hiyo huletwa hasa na aina ya 16 na ya 18. Chunjua za kawaida za ngozi huletwa na aina nyingine, zikiwemo ya 2, ya 4, ya 27 na ya 57, na zile bapa huletwa hasa na aina ya 3 na ya 10. Kwa hiyo msichana mwenye chunjua ya kope hana dalili ya saratani ya kizazi, wala mzazi hana sababu ya kumtilia mashaka ya mwenendo. Na kwa upande wa pili, chanjo aliyochomwa shuleni haikulengwa kuzuia chunjua ya kope, ingawa ni chanjo ya thamani kubwa kwa kazi yake yenyewe.

Virusi hivi haviingii katika damu wala havisambai mwilini kama homa. Huishi katika epidermisi, yaani tabaka la juu kabisa la ngozi, na mlango wao wa kuingilia ni mkwaruzo, hata ule mdogo usioonekana kwa macho, unaovifikisha kwenye seli za chini za tabaka hilo ambako ngozi mpya huzaliwa kila siku. Vikishaingia, huzichochea seli hizo zizaliane kupita kiasi na kutengeneza kwa wingi keratini, ile protini ngumu inayounda pia kucha na nywele, hadi ngozi ya mahali hapo inyanyuke na kuwa kinundu. Kati ya siku ya kuambukizwa na siku ya kinundu kuonekana hupita kwa kawaida miezi kadhaa, na ndiyo maana mgonjwa ni nadra kujua alikoipata. Kwa kuwa virusi hukaa juu juu, mbali na mishipa ya damu, kinga ya mwili nayo huchelewa kuvitambua. Ikishavitambua, chunjua hunywea na kutoweka yenyewe, jambo ambalo kwa watoto hutokea katika takribani theluthi mbili ya wagonjwa ndani ya miaka miwili. Dawa yoyote inayopakwa kwa muda mrefu, iwe ya hospitali au ya mitishamba, huweza kupewa sifa ya kazi iliyofanywa na mwili wenyewe, na hilo limezipa heshima dawa nyingi zisizostahili.

Ngozi ya kope ni nyembamba kuliko ngozi ya mahali pengine popote mwilini, na unene wake haufiki milimita moja. Chini yake kuna msuli mwembamba wa kufumbia jicho, kisha bamba gumu linaloipa kope umbo lake, kisha utando laini, wenye unyevu, unaogusana na jicho moja kwa moja. Ukingoni, pale nywele za kope zinapoota, hufunguka pia vitundu vya tezi zinazotoa mafuta ya kuzuia machozi yasikauke upesi, na karibu na pembe ya ndani, upande wa pua, kuna kitundu kimoja kwenye kila kope ambamo machozi huingia yakielekea puani. Mahali padogo hivi pana vitu vingi, na kila kimoja kati ya hivyo kinaweza kuharibiwa na ncha ya wembe au tone la asidi.

Chunjua za kope huja kwa sura tatu. Iliyo rahisi kuitambua ni ile ya nyuzinyuzi, ambayo husimama juu ya kishina chembamba kama ufagio mdogo uliogeuzwa, ikiwa na vichipukizi vingi vyembamba vya rangi ya ngozi, ya kijivu au ya kahawia, ambavyo ncha zake zimekauka na kuwa ngumu kiasi cha kuchoma kidole kikipitishwa juu yake. Daktari akiiangalia kwa lenzi huona pengine vidoa vyeusi kama chembe za pilipili manga iliyosagwa, navyo ni vishipa vya damu vilivyoganda ndani ya kinundu. Sura ya pili ni ile ya mviringo yenye uso wa kukwaruza, kama zile za vidoleni. Ya tatu ni chunjua bapa, zilizonyanyuka kidogo tu, laini, nyingi kwa wakati mmoja, ambazo huweza kutapakaa kwenye paji la uso, mashavuni na kwenye kope kama matone ya nta.

Ikiwa juu ya ngozi ya kope, mbali na ukingo, chunjua huleta kero ya sura tu. Ikiota ukingoni kabisa, hali hubadilika, kwa sababu mtu hupepesa macho mara kumi na tano hivi kwa dakika, na katika kila pepeso vigaga vidogo vya ngozi yenye virusi hudondoka ndani ya machozi na kuusumbua utando wa jicho. Jicho hilo huwa jekundu, huchuruzika machozi, na mgonjwa huhisi kama kuna mchanga ndani yake. Wakati mwingine hata konea, yaani kioo angavu cha mbele ya jicho, hupata michubuko midogo. Mgonjwa huyo hununua dukani matone ya kuua bakteria, hupata nafuu ya siku mbili tatu, kisha wekundu hurudi, naye hubadilisha chupa baada ya chupa kwa miezi bila mtu kuinua kope yake na kutazama katikati ya nywele zake. Jambo la hatari zaidi ni pale anapouziwa matone yenye steroidi, kama deksamethasoni, ambayo hutuliza wekundu upesi na hivyo hupendwa, ilhali yakitumiwa kwa muda mrefu bila uangalizi huweza kupandisha presha ya jicho hadi kuua mshipa wa kuona, ugonjwa uitwao glakoma, na upofu wa glakoma hauna tiba ya kuurudisha nyuma.

Njia za maambukizi ni za kawaida kabisa. Mtoto mwenye chunjua kidoleni huzungusha kucha juu ya chunjua hiyo, huing'ata, kisha huyafikicha macho. Kwa watu wazima, chombo kinachostahili kuangaliwa kwa makini zaidi ni wembe wa kutindia nyusi. Wembe hukwaruza ngozi na wakati huo huo hubeba virusi, kwa hiyo hufanya kazi zote mbili ambazo maambukizi yanahitaji, na chunjua bapa zinazoota katika mstari ulionyooka chini ya nyusi ni alama ya njia wembe ulikopita. Wembe uliotumika kwa mteja mmoja haufai kwa mteja wa pili, na mwenye chunjua usoni hafai kutinda wala kunyoa juu yake mpaka zipone. Penseli ya wanja, brashi ya kupaka rangi za kope na taulo la uso navyo ni vya mtu mmoja. Kope bandia zinazobandikwa kwa gundi ukingoni mwa kope yenye chunjua huichubua kila zinapobanduliwa.

Ugumu mkubwa zaidi, hata kwa mhudumu wa afya, ni kwamba vitu vingi visivyo chunjua huota kwenye kope na kuitwa chunjua. Chokea hujulikana na wengi, kwa kuwa huja ghafla, ni chekundu, huuma, hutunga usaha na kupona kwa siku chache hasa kikikandwa kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu. Chunjua haina haraka hiyo wala haiumi. Kalazioni ni uvimbe wa mviringo, mgumu, ulio ndani ya kope na si juu ya ngozi, unaotokana na tezi ya mafuta iliyoziba. Vidutu vidogo vyeusi, laini, vinavyoongezeka mashavuni na chini ya macho ya watu wazima wenye ngozi nyeusi kadiri miaka inavyokwenda, na ambavyo hurithiwa katika ukoo, havina virusi, havimwambukizi mtu na havihitaji tiba. Ni jambo la kusikitisha kwamba watu wengi wamejichoma nyuso kwa asidi wakiviwinda. Mabaka laini ya manjano kwenye pembe ya ndani ya kope huashiria mafuta yaliyojikusanya chini ya ngozi, na mwenye nayo anapaswa kupimwa lehemu katika damu.

Moluskamu inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu huambukiza kama chunjua na hufanana nayo kwa mbali, ingawa huletwa na virusi vya jamii ya ndui. Vipele vyake ni vya mviringo, vinang'aa, na katikati vina kishimo kidogo kama kitovu, ambamo hutoka utongo mweupe kikiminywa. Kwa watoto ni ugonjwa wa kawaida unaopita. Kwa mtu mzima, vipele vingi vya namna hiyo kwenye kope na usoni, hasa vikiwa vikubwa, vinaweza kuwa dalili ya kwanza ya upungufu wa kinga, na mgonjwa anapaswa kushauriwa kupima VVU. Ushauri huo huo unafaa kwa mtu mzima ambaye chunjua zimemjaa usoni ghafla na kwa wingi usio wa kawaida. Kipimo hicho kisichukuliwe kama fedheha, kwa kuwa anayejulikana mapema huanzishiwa dawa za kufubaza virusi kabla kinga haijaporomoka, na mara nyingi ngozi yake nayo hupata nafuu.

Halafu kuna saratani. Kinundu cha kope kinachotoka damu kwa kuguswa tu, kidonda kisichofunga kwa majuma kadhaa, ukingo wa kope uliopinda au kulika, nywele za kope zilizokatika mahali pamoja, kinundu kigumu kinachokua mwezi hata mwezi, au chokea kwa mtu wa makamo kinachorudi mahali pale pale kila kikipasuliwa, vyote hivyo havipaswi kupakwa dawa ya chunjua hata siku moja kabla ya kuonwa na daktari wa macho. Watu wenye ualbino wako katika hatari kubwa kuliko wengine, kwa sababu ngozi yao haina rangi ya kuukinga mwanga mkali wa jua, na saratani ya seli bapa, yaani ile inayoanzia katika seli za juu za ngozi, huwapata wakiwa bado vijana. Kwao kila kinundu kigumu cha usoni kihesabiwe kuwa cha hatari mpaka maabara iseme vinginevyo. Huko Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992 katika hospitali ya KCMC kimekuwa kikiwaandaa wataalamu wa kazi hii kutoka nchi nyingi za Afrika, na mjini humo hutengenezwa pia Kilisun, mafuta ya kuzuia jua yaliyokusudiwa watu wenye ualbino. Ukuaji wa nyama juu ya weupe wa jicho lenyewe ni suala tofauti na chunjua ya kope, nao katika Afrika Mashariki umehusishwa na jua kali na VVU, kwa hiyo usisubiriwe.

Kuhusu tiba za nyumbani, ni haki kusema kwanza kwamba hazikuzuka kwa ujinga. Mnyaa, mti wa kijani usio na majani ya kuonekana, unaopandwa kama ua wa boma sehemu nyingi za Afrika Mashariki, hutoa utomvu mweupe unaounguza ngozi, na kwa sababu hiyo umetumika tangu zamani kuchomea chunjua. Yaani wazee waliona sawasawa kwamba ngozi iliyoungua hubanduka pamoja na kinundu. Mafuta ya ganda la korosho hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, na wanaobangua korosho kwa mkono huyajua vizuri, kwa kuwa vidole vyao huwa vyeusi na kuchubuka wasipojikinga kwa majivu au mafuta. Kitunguu saumu kilichopondwa na kufungwa juu ya ngozi huunguza pia. Tofauti ni kwamba vyote hivyo havijui kuishia pale kinundu kinapoishia. Utomvu wa mnyaa ukipakwa kwenye kope huteleza na jasho au machozi na kuingia jichoni, na hapo huleta maumivu makali yasiyovumilika, kope hufura, konea hubanduka tabaka lake la juu, na mtu huweza kupoteza uwezo wa kuona kwa siku kadhaa. Akipata maambukizi juu ya jeraha hilo, konea huweza kubaki na kovu jeupe maisha yake yote. Uchunguzi uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1994 kuhusu wagonjwa wenye vidonda vya konea ulionyesha kwamba takribani robo yao walikuwa wametumia dawa za kienyeji machoni.

Dawa za dukani nazo zisisamehewe kwa sababu tu zimefungwa katika chupa yenye maandishi. Asidi ya salisiliki, ambayo hulainisha na kuibandua keratini kidogo kidogo, ni dawa nzuri na halali ya chunjua za mikono na miguu, lakini maelekezo yake hukataza isipakwe usoni, na mwenye kununua chupa kwa ajili ya mguu wa mtoto asijaribiwe kuimalizia kwenye kope. Podofilini, inayotumiwa kwa chunjua za sehemu za siri, huumiza jicho vibaya zaidi. Siki kali na maji ya betri hayahitaji maelezo. Kufunga shina la chunjua kwa uzi au unywele mpaka likauke, na kulikata kwa wembe au mkasi wa kucha mbele ya kioo, huacha virusi kwenye mzizi, hufungua njia ya usaha, na kwenye ukingo wa kope huweza kuacha pengo ambalo machozi hulipitia yakimwagika.

Iwapo kitu kinachounguza kimeshaingia jichoni, dakika za mwanzo zina thamani kuliko safari ya kwenda hospitali. Mgonjwa alazwe au ainamishwe kichwa upande, kope zifunguliwe kwa vidole hata kama anakataa kwa maumivu, na maji safi yamiminwe taratibu kutoka upande wa pua kuelekea nje, kwa robo saa isiyopungua na ikiwezekana nusu saa, huku akiambiwa azungushe jicho juu, chini na pembeni. Maji ya bomba au ya kunywa yanatosha. Maziwa, yakiwemo maziwa ya mama ambayo hutumiwa sana kwa watoto, mafuta, asali na chumvi visitiwe, na kutafuta dawa ya kupinga asidi ni kupoteza muda. Baada ya kuosha ndipo apelekwe kituoni, na chupa au jani lililotumika lichukuliwe pia, ili mtaalamu ajue anapambana na nini.

Tiba ya hospitali huanza kwa jambo ambalo wagonjwa wengi hawalipendi, nalo ni kuamua kama kuna haja ya kutibu. Mtoto mwenye chunjua moja ndogo juu ya kope, isiyogusa ukingo, isiyolifanya jicho kuwa jekundu, anaweza kuachwa na kuangaliwa kila baada ya miezi michache. Hesabu hiyo ni ya busara, kwa kuwa mtoto hatatulia kwa sindano karibu na jicho, na kumkata chunjua kunaweza kumaanisha kumpa nusukaputi, yaani usingizi kamili wa dawa, ambao una hatari zake. Chunjua ya ukingoni inayolisumbua jicho, inayokua, inayozuia kitundu cha machozi, au ambayo daktari hana uhakika nayo, huondolewa.

Kwa mtu mzima, kuikata ndiyo njia inayofaa zaidi katika mazingira mengi ya Afrika Mashariki, kwa sababu haihitaji mashine ya gharama na huacha kipande cha kupimwa. Mgonjwa hulazwa chali, hutiwa matone ya ganzi jichoni, kisha sindano nyembamba huchoma dawa ya ganzi chini ya ngozi ya kope, hatua ambayo huuma kwa sekunde chache na ndiyo pekee inayouma. Kikinga laini huwekwa juu ya jicho, au kope hushikwa kwa kibanio chenye bamba la chuma upande wa ndani, ili hata mkono ukiteleza ncha ikutane na chuma. Chunjua yenye shina hukatwa kwa mkasi mdogo uliopinda usawa wa ngozi. Iliyokaa bapa hunyolewa kwa kisu, bila kuchimba. Damu ni kidogo, nayo huzuiwa kwa kugusa shina kwa moto wa umeme. Daktari akichimba kupita kiasi, nywele za kope huweza kutoota tena au kuota zikielekea ndani na kuikwaruza konea, na kwa hiyo kazi hii, ingawa huchukua dakika chache, ni ya mtu aliyefundishwa upasuaji wa macho.

Kugandisha kwa naitrojeni ya majimaji, ambayo ubaridi wake ni nyuzi 196 chini ya sifuri za Selsiasi, husifiwa sana katika vitabu vilivyoandikwa kwa ajili ya wagonjwa weupe, na hapa mgonjwa mwenye ngozi nyeusi anastahili kuelezwa jambo ambalo mara nyingi haambiwi. Seli zinazotengeneza rangi ya ngozi hufa kwa ubaridi hafifu kuliko ule unaohitajika kuziua seli nyingine, kwa hiyo kope iliyogandishwa huweza kubaki na baka jeupe linaloonekana zaidi kuliko chunjua yenyewe, na mashina ya nywele za kope nayo huweza kufa. Kope hufura sana siku ya kwanza, pengine mpaka jicho lifunge, ingawa uvimbe huo hupungua. Njia hiyo isikataliwe moja kwa moja, ila mgonjwa akubali akiwa anajua. Kuunguza kwa umeme na leza ya kaboni dayoksaidi hufaa pia mikononi mwa mzoefu, na katika zote mbili moshi unaotoka hubeba chembe za virusi, hivyo chumba kinahitaji mashine ya kuuvuta na wahudumu wanahitaji barakoa.

Kipande kilichokatwa kisitupwe kwenye ndoo. Kwa mtu mzima, kwa mwenye VVU, kwa mwenye ualbino, na kwa kinundu chochote kilichorudi, kipande hicho huwekwa kwenye kichupa cha dawa ya kuhifadhia, huandikwa jina na upande wa jicho, na kupelekwa kwa mtaalamu wa patholojia, ambaye hukiangalia kwa hadubini na kusema kama ni chunjua kweli. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kabla ya kulipa kama jambo hilo litafanyika, na aondoke na tarehe ya kurudi kuchukua majibu.

Baada ya upasuaji hupewa malhamu ya jicho, mara nyingi ya tetrasaiklini, ya kupaka kwenye kidonda kwa siku chache, na huagizwa asifikiche wala kubandua gaga, asipake wanja wala kubandika kope bandia mpaka ngozi ifunge, jambo ambalo huchukua wiki moja hadi mbili. Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua, usaha, au ukungu katika kuona ni sababu ya kurudi siku hiyo hiyo. Hata pale kazi ilipofanywa vizuri, virusi huweza kubaki katika ngozi ya pembeni iliyoonekana nzima, na chunjua huota tena ndani ya miezi kadhaa. Ikikamatwa ingali changa huondolewa kwa urahisi kuliko mara ya kwanza. Mgonjwa anaweza kujikagua mwenyewe mara moja kwa mwezi, mikono ikiwa imenawiwa, akisimama mbele ya kioo penye mwanga wa dirisha: kwa kope ya chini huangalia juu, na kwa kope ya juu hufumba jicho hilo taratibu, huivuta ngozi kidogo kuelekea kwenye nyusi, na kutazama kwa jicho la pili katikati ya nywele, ambako chunjua inayorudi huanza kama ncha ya kijivu isiyozidi chembe ya chumvi.